Jinsi fundi wa mtaani anavyoweza kujiundia mita ya kupimia kapasita

PAMPU ya kisima inapowashwa ikanguruma bila kuzunguka, familia nyingi za Kitengela na sehemu nyingine za Kaunti ya Kajiado hujua kuwa siku hiyo maji yatanunuliwa kwa mitungi. Fundi huitwa. Akiwa hana chombo cha kupimia, hana budi kubahatisha, na mara nyingi lawama huiangukia mota. Mota huvuliwa, ikapelekwa kufungwa nyaya upya kwa gharama kubwa, ilhali pengine haikuwa na kasoro yoyote.

Mota inayonguruma bila kuzunguka huenda imepoteza kitu kimoja tu: kapasita yake. Hicho ni kijikopo kidogo ambacho bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya mota. Kosa la kutokitambua huweza kumgharimu mwenye nyumba fedha za mwezi mzima, na kumharibia fundi jina mtaani.

Dawa ya kubahatisha ni kupima. Mita ya kupimia kapasita si chombo cha ajabu. Fundi mwenye subira anaweza kujiundia yake mezani kwa siku moja, akitumia mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyokusanywa katika kipande kimoja cha silikoni, pamoja na vifaa vichache vinavyopatikana katika maduka ya elektroniki kama yale ya barabara ya Luthuli, jijini Nairobi.

Haja ya chombo hicho ni kubwa katika mitaa kama Kware. Kwa Mswahili wa pwani, kware ni ndege. Kwa wakazi wengi wa bara nchini Kenya, kware ni chimbo la mawe ya kujengea, neno lililotoholewa kutoka Kiingereza, na mitaa kadhaa iliyomea kando ya machimbo imelibeba jina hilo. Nyumba zilizojengwa kwa mawe kama hayo zimeongezeka upesi. Katika sensa ya mwaka 2009, Kajiado ilikuwa na watu 687,312. Kufikia sensa ya 2019 walikuwa 1,117,840. Eneo hili ni kame, na wakazi wengi hutegemea visima virefu. Penye kisima pana pampu, na penye pampu ya umeme wa kawaida wa nyumbani, aghalabu pana kapasita.

Kapasita ni nini

Kapasita ni bamba mbili za madini zilizotenganishwa na kitu kisichopitisha umeme, kama vile karatasi, plastiki au kauri. Zikiunganishwa na chanzo cha umeme, bamba hizo hukusanya chaji na kuihifadhi hata baada ya chanzo kuondolewa. Kapasita ya kwanza ilikuwa chupa. Ewald Georg von Kleist wa Pomerania aliigundua mwaka 1745, na muda mfupi baadaye Pieter van Musschenbroek wa mji wa Leiden, Uholanzi, akaifikia kwa njia yake mwenyewe. Ndiyo sababu ikaitwa chupa ya Leyden.

Uwezo wa kapasita hupimwa kwa faradi, kipimo kilichopewa jina la mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday (1791–1867). Faradi moja ni kubwa mno kwa kazi za kawaida. Mafundi hutumia mikrofaradi, ambayo ni sehemu moja ya milioni ya faradi. Nanofaradi, ambayo ni sehemu moja ya elfu ya mikrofaradi. Na pikofaradi, ambayo ni sehemu moja ya elfu ya nanofaradi.

Katika mota ya pampu au feni, kazi ya kapasita ni kuisaidia mota kujua upande wa kuzungukia. Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240, nao hubadili mwelekeo na kurudi mara 50 kwa sekunde. Ukiingia katika mota kupitia koili moja pekee, huisukuma na kuivuta mahali pamoja bila kuizungusha. Kapasita huupeleka mkondo katika koili ya pili kwa wakati tofauti kidogo, na misukumo hiyo miwili isiyolingana huanzisha mzunguko. Kapasita ikifa, msukumo wa pili hupotea na mota hubaki ikinguruma. Ikiachwa hivyo kwa muda mrefu, hupata joto hadi ikaungua kweli.

Kwa nini kapasita huchakaa

Kapasita za mota hutengenezwa kwa utando mwembamba wa plastiki uliopakwa madini. Volteji inaporuka, kwa mfano umeme unaporudi baada ya kukatika, utando huweza kutoboka. Madini yaliyo kando ya tundu huungua na kulitenga, na kapasita huendelea kufanya kazi. Hata hivyo, kila tundu hupunguza eneo la bamba. Baada ya miaka kadhaa, kapasita ya mikrofaradi 20 huweza kubaki na 13, ilhali kwa nje ingali ya kupendeza kama siku iliyonunuliwa.

Aina nyingine, ile yenye majimaji ndani, ndiyo inayopatikana kwa wingi katika runinga, redio, kompyuta na chaja. Adui yake ni joto. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka hupunguza maisha yake kwa nusu. Aidha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kapasita nyingi za aina hii ziliingia sokoni zikiwa na majimaji yenye kasoro, zikavimba na kupasuka katika kompyuta kote ulimwenguni. Mwaka 2005, kampuni ya Dell ya Marekani ilitenga dola milioni 300 ili kugharimia ukarabati wa kompyuta zake zilizoathirika.

Kapasita iliyovimba huonekana kwa macho. Iliyopungua uwezo bila kuvimba haionekani, na hapo ndipo mita inapohitajika. Mita za kawaida za bei ya chini kabisa hazina sehemu ya kupimia kapasita, na baadhi ya zile zilizo nayo huishia mikrofaradi 20. Kiwango hicho hakitoshi kwa fundi wa runinga, seuze wa pampu.

Siri ya kipimo ni wakati

Kapasita haiwezi kupimwa kwa rula wala mizani. Hupimwa kwa saa. Kapasita tupu ikijazwa umeme kupitia rezista, volteji yake hupanda upesi mwanzoni, kisha polepole, mfano wa mtungi unaojazwa kwa bomba ambalo maji yake hupungua kasi kadiri mtungi unavyokaribia kujaa. Wakati inaochukua kufikia asilimia 63.2 ya volteji ya chanzo ni sawa na rezista ikizidishwa kwa uwezo wa kapasita. Mada ya kapasita si ngeni kwa waliosoma Fizikia katika mfumo wa 8-4-4, kwani ilifunzwa katika kidato cha tatu.

Basi, rezista ikijulikana na wakati ukipimwa, uwezo wa kapasita hupatikana kwa kugawanya. Tuseme rezista ni ya omu 10,000, na kapasita imechukua mikrosekunde 200,000, yaani sehemu moja ya tano ya sekunde. Laki mbili ikigawanywa kwa elfu kumi ni 20. Jibu ni mikrofaradi 20, bila hesabu nyingine yoyote. Ikichukua mikrosekunde 130,000, kapasita imebaki na mikrofaradi 13.

Vifaa vinavyohitajika

Kifaa kikuu ni bodi ya mikrokontrola. Iliyo nyepesi kwa anayeanza ni Arduino Uno, ya jamii iliyoanzishwa mjini Ivrea, Italia, mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi. Kwa kuwa michoro yake iliwekwa wazi kwa umma, viwanda vingi hutengeneza bodi za kufanana nayo kwa bei nafuu. Mikrokontrola iliyo ndani ya Uno ya kawaida ni ATmega328P, ambayo hupiga hatua milioni 16 kwa sekunde na huweza kugeuza volteji kuwa tarakimu kati ya 0 na 1,023.

Vifaa vingine ni rezista moja ya omu 10,000 na nyingine ya omu milioni moja, zote za usahihi wa asilimia moja, rezista ya omu 330, ubao wa matundu wa kuunganishia vifaa bila kuchomelea, nyaya fupi, vibanio viwili vya kushikia kapasita, na kioo kidogo cha kuonyeshea maandishi. Asiye na kioo anaweza kusoma majibu katika kompyuta kupitia waya wa USB.

Kuunganisha

Pini moja ya bodi, tuseme ya 8, huunganishwa na rezista ya omu 10,000. Ncha ya pili ya rezista hiyo hufika kwenye kibanio cha chanya. Kutoka kwenye kibanio hichohicho, waya mmoja huenda moja kwa moja kwenye pini ya A0 inayosoma volteji, na mwingine hupitia rezista ya omu 330 hadi pini ya 9. Kibanio cha hasi huunganishwa na pini ya GND.

Pini ya 8 ndiyo inayojaza kapasita, na ya 9 ndiyo inayoimwaga. Rezista ya omu 330 isiachwe kamwe. Huzuia mkondo usizidi miliampea 15 hivi, kiasi ambacho mikrokontrola inaweza kustahimili. Kapasita zenye majimaji zina upande wa hasi uliotiwa mstari, nao ni lazima uelekezwe kwenye kibanio cha hasi. Kapasita za utando za mota hazina upande.

Kazi ya programu

Programu hufuata hatua chache. Kwanza, pini ya 8 huachwa wazi na pini ya 9 huwekwa kwenye volti sufuri, hadi A0 isome sufuri. Hapo kapasita ni tupu. Pili, pini ya 9 huachwa wazi, saa huanza kuhesabu, na pini ya 8 huwekwa kwenye volti 5. Tatu, A0 husomwa mfululizo mpaka ifikie 647, ambayo ni asilimia 63.2 ya 1,023. Nne, saa husimamishwa, wakati hugawanywa kwa rezista, na jibu huonyeshwa.

Njia hii ina faida ambayo fundi wa Kajiado ataithamini. Volteji inayoijaza kapasita ndiyo hiyohiyo inayotumiwa na mikrokontrola kama kipimo cha kusomea. Ikishuka kutoka volti 5 hadi 4.8, vyote viwili hushuka pamoja, na jibu halibadiliki.

Hatua ya tano husahauliwa na wengi: programu iwekewe kikomo cha wakati, kwa mfano sekunde 60. Kapasita inayovuja umeme huenda isifike 647 hata siku moja, na mita isiyo na kikomo itangoja milele. Kapasita nyingi za kuanzishia mota huwa zimechomelewa rezista kati ya ncha zake. Ikiwa rezista hiyo ni ya omu 15,000, volteji haiwezi kupita asilimia 60. Fundi asiyejua hilo ataitupa kapasita nzima. Rezista hiyo iondolewe upande mmoja kabla ya kupima.

Kuisahihisha mita

Mita haiwezi kuwa sahihi kuliko rezista yake. Kwa hivyo rezista ipimwe kwa mita ya omu, na thamani iliyopatikana ndiyo iandikwe katika programu, si ile iliyochapishwa. Kisha mita ijaribiwe kwa kapasita mpya kadhaa zinazoaminika, na majibu yalinganishwe.

Kila usomaji wa A0 huchukua takriban mikrosekunde 100. Kwa rezista ya omu 10,000, muda huo ni sawa na kosa la nanofaradi 10, ambalo si kitu kwa kapasita ya mikrofaradi 20 lakini ni kubwa mno kwa kapasita ya nanofaradi 47. Kwa kapasita zilizo chini ya mikrofaradi moja, rezista ya omu milioni moja ndiyo itumiwe, na kosa litashuka hadi sehemu moja ya kumi ya nanofaradi. Chini ya nanofaradi moja, njia hii haifai, kwa kuwa nyaya na ubao wenyewe huwa na pikofaradi zao. Wanaotengeneza redio huhitaji mita ya aina nyingine, inayopima mtetemo wa koili na kapasita.

Umeme uliobaki

Kabla ya kapasita yoyote kuguswa, fundi akumbuke kwamba umeme ukizimwa kapasita haizimiki. Volti 240 zikigeuzwa kuwa umeme wa mkondo mmoja ndani ya runinga hufika takriban volti 339. Kapasita ya mikrofaradi 220 kwa volteji hiyo huhifadhi nishati ya juli zipatazo 12, inayotosha kumwangusha mtu kutoka kwenye ngazi au kumuua.

Desturi ya kugusanisha ncha mbili kwa bisibisi ni mbaya. Hutoa cheche zinazoweza kuumiza macho, na huiharibu kapasita yenyewe. Njia salama ni rezista ya omu 2,000 na wati 10, iliyofungwa nyaya mbili zenye vishikio vya plastiki. Hushikizwa kwenye ncha za kapasita kwa sekunde kadhaa, kisha volteji hupimwa. Isipokuwa chini ya volti moja, hatua hiyo irudiwe. Kapasita yenye chaji ikishikizwa kwenye mita ya kujiundia, mikrokontrola hufa papo hapo. Ikishikwa kwa mkono, aliye hatarini ni fundi.

Aidha, kapasita za mota zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1980 huweza kuwa na mafuta ya sumu ya PCB, yaliyopigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Zisipasuliwe wala kuchomwa.

Kulisoma jibu

Kapasita isipimwe ikiwa ndani ya sakiti, kwa sababu vifaa vilivyo jirani huchanganya jibu. Angalau ncha moja iondolewe. Kisha jibu lilinganishwe na maandishi ya ubavuni. Kapasita ya mota iliyoandikwa mikrofaradi 20 na asilimia 5 inapaswa kusoma kati ya 19 na 21. Ikipungua kwa zaidi ya asilimia 10, ibadilishwe. Kapasita zenye majimaji huruhusiwa asilimia 20, hivyo ya mikrofaradi 100 ikisoma 85 haijafa.

Kapasita ndogo za kauri huandikwa kwa tarakimu tatu. Mbili za mwanzo ni nambari, na ya tatu ni idadi ya sufuri, yote kwa pikofaradi. Kwa hivyo 104 ni pikofaradi 100,000, yaani nanofaradi 100, na 473 ni nanofaradi 47.

Kapasita mpya nayo ipimwe mbele ya muuzaji, inapowezekana. Ganda huweza kudanganya, lakini wakati wa kujaa haudanganyi.

Hata hivyo, mita hii ina mipaka yake. Hupima kwa volti 5 pekee, na kapasita inayovuja ikifika volti 300 huenda ikaonekana nzima mezani. Pia haioni ukinzani wa ndani, ugonjwa unaozikumba kapasita zenye majimaji: uwezo husoma sawa, lakini kapasita haiwezi tena kutoa umeme kwa haraka na runinga hukataa kuwaka. Mita ikisema kapasita imekufa, iaminiwe. Ikisema ni nzima na kifaa bado hakifanyi kazi, fundi aendelee kutafuta.

Faida kwa fundi na mteja

Kazi za jua kali si jambo la pembeni nchini Kenya. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu Kenya ndiyo iliyoufanya ulimwengu uanze kuzungumzia sekta hiyo kwa uzito, na serikali ikaiandalia sera maalumu mwaka 1992. Kinachowakosesha mafundi wengi imani ya wateja si mikono, kwa maana mikono wanayo, bali ni ushahidi.

Mita ya kujiundia huutoa ushahidi huo. Fundi anapoishikiza kapasita ya pampu mbele ya mwenye nyumba, kioo kikasoma 13 mahali palipoandikwa 20, hapana haja ya maneno mengi. Kapasita mpya hupimwa, ikasoma 20, ikafungwa, na pampu ikazunguka. Mota haikuvuliwa, maji yamerudi siku hiyohiyo, na fundi amelipwa kwa alichokijua wala si kwa alichokibahatisha.